Jua tunalo, je, linamfikia mtoto? Mwongozo wa kupima hatari ya upungufu wa vitamini D

Mzazi akiambiwa kliniki kwamba mwanawe ana matege ya kukosa vitamini D, swali la kwanza huwa ni moja: jua lote hili, imekuwaje? Ni swali la haki. Nairobi iko takriban nyuzi 1 tu kusini mwa ikweta, na Dar es Salaam haifiki nyuzi 7. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu mtaa wa mabanda jijini Nairobi ulionyesha kwamba upungufu wa vitamini D ndio uliokuwa ukileta matege kwa watoto wa pale, tena ukiandamana na utapiamlo. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 2012, kulichapishwa vipimo vya damu vya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi kwa desturi zao. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya kile kiwango cha 50 ambacho madaktari wa watoto hukihesabu kuwa kinatosha.

Jua ni lilelile. Kinachotofautiana ni namna mtoto anavyoshinda. Kwa hiyo usiulize unaishi nchi gani, uliza mwanao yuko wapi saa nne asubuhi, kavaa nini, ananyonya nini, na mama yake alikuwaje wakati wa mimba. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, ukiwa na kadi ya kliniki mkononi.

Kwanza, elewa kazi yenyewe

Mionzi fulani ya jua ikigonga ngozi hutengeneza vitamini D. Ini huibadilisha, figo humalizia, kisha vitamini hiyo huuwezesha utumbo kufyonza kalisiamu ya chakula. Isipokuwepo, mtoto anaweza kula vizuri na kalisiamu ikampita tu, huku mifupa ikiendelea kurefuka bila kukomaa, ikabaki laini na kupinda. Huo ndio ugonjwa wa matege. Wanaoumia zaidi ni wa chini ya miaka mitatu, kwa sababu mifupa yao inakua mbio na wengi wao hawatoki nje bila kubebwa.

Hatua ya 1: Anza na mama

Mtoto huzaliwa na akiba aliyopewa tumboni, na hawezi kupewa kisichokuwapo. Jiulize: wakati wa mimba mama alikuwa akishinda ndani? Anafanya kazi ofisini, dukani au kiwandani kuanzia alfajiri hadi jioni? Anavaa baibui au nguo za kufunika mwili wote na nyumbani hakuna ua wa kukaa bila kujifunika? Amezaa watoto waliofuatana kwa karibu, akiwa amenyonyesha mfululizo? Kila jibu la "ndiyo" linamaanisha kwamba mtoto alianza safari na mfuko mwepesi, na huenda akiba hiyo ikaisha ndani ya wiki chache.

Nisieleweke vibaya kuhusu mavazi. Hakuna anayemwambia mama aache stara yake. Tunachosema ni kwamba mama huyo na mtoto wake waorodheshwe miongoni mwa wanaohitaji kupata vitamini hii kwa njia nyingine.

Hatua ya 2: Alizaliwaje, na ananyonya nini

Mtoto njiti ana hatari tangu siku ya kwanza. Sehemu kubwa ya akiba ya vitamini D na madini ya mifupa hupita kwa mtoto katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na yeye aliikatisha. Kwa watoto waliozaliwa na uzito mdogo sana, chini ya kilo 1.5, wanaolishwa maziwa ya mama, Shirika la Afya Duniani linapendekeza vitamini D kati ya IU 400 na 1,000 kila siku mpaka wafikishe miezi sita. IU ndicho kipimo utakachokiona kwenye chupa ya matone ya vitamini D. Kila IU 40 ni sawa na mikrogramu 1. Kama mwanao ni njiti na ulirudi nyumbani bila kuambiwa lolote kuhusu matone haya, rudi ukaulize.

Sasa jambo linalowakera kinamama, na nawaelewa. Maziwa ya mama ndiyo chakula bora cha mtoto kwa miezi sita ya kwanza, ila vitamini D iliyomo ni kidogo sana, kwa kawaida chini ya IU 100 katika lita nzima, ilhali mtoto anahitaji takriban IU 400 kwa siku. Hiyo si sababu ya kuacha kunyonyesha, wala haimaanishi maziwa yako ni mepesi. Tangu zamani upungufu huo ulifidiwa na jua. Jua likiondolewa, ndipo pengo linapoonekana.

Maziwa ya kopo ya watoto huongezwa vitamini D kiwandani, lakini inategemea mtoto anakunywa kiasi gani. Uingereza husema anayekunywa zaidi ya mililita 500 kwa siku hahitaji matone. Marekani husema mpaka afikishe karibu lita 1. Yule anayechanganyiwa kijiko kimoja badala ya vitatu ili kopo lifike mwisho wa mwezi hapati kiasi hicho, na ana shida nyingine kubwa zaidi ya lishe. Maziwa ya kawaida ya ng'ombe yana kalisiamu nyingi, ila vitamini D ni kidogo mno isipokuwa pakiti iseme imeongezwa.

Hatua ya 3: Fuatilia jua la mtoto, saa kwa saa

Hapa ndipo penye kazi. Chukua karatasi, uandike siku moja ya kawaida ya mwanao, tangu anapoamka hadi anapolala. Kama analelewa na yaya, bibi au kituo cha kulelea watoto, waulize wao, usiandike unachodhani. Kisha pitia mambo haya.

Saa ngapi? Tumezoea kumwotesha mtoto jua la saa moja asubuhi kwa kuwa ni laini. Ni laini kweli, na kwa sababu hiyohiyo lina mionzi michache sana inayotengeneza vitamini D. Angalia kivuli chako: kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi haitengenezi kitu cha maana. Karibu na ikweta kivuli hufupika kuliko urefu wako kuanzia kama saa tatu na nusu asubuhi. Kwa hiyo yule anayetolewa saa moja na kurudishwa ndani saa mbili anapata joto, hewa safi na mazungumzo ya majirani, lakini vitamini D karibu hamna.

Linapitia wapi? Kioo cha dirisha huzuia karibu mionzi yote inayohitajika. Mtoto wa ghorofani anayelazwa kwenye mwanga wa dirisha, au anayezungushwa ndani ya gari, hahesabiwi kuwa ameota jua.

Kavaa nini? Kofia, soksi, sweta, blanketi, na juu yake kanga ya mgongoni. Nairobi ikiingia ubaridi wa Juni na Julai, hata uso hauonekani. Ngozi iliyofunikwa haipati kitu.

Nani anamtoa? Katika nyumba za kupanga zilizobanana, ua ni wa kuanikia nguo na kupitisha mitungi ya maji. Mama akirudi kazini, mtoto hushinda katika chumba kimoja cha kituo cha malezi na wenzake wengi, na mlezi mmoja hawezi kuwatoa wote barabarani. Sehemu za pwani na kwingineko kuna desturi ya kukaa ndani siku arobaini, na familia nyingine huendelea kumficha mtoto miezi kadhaa kwa kuogopa kijicho. Arobaini pekee haimdhuru mtoto aliyezaliwa na akiba ya kutosha. Ikigeuka kuwa miezi sita, hapo hesabu inabadilika. Ethiopia, nchi nyingine ya jua, ina historia ndefu ya matege kwa watoto wachanga wanaofungiwa ndani. Utafiti wa huko uliotoka mwaka 1997 ulionyesha kwamba walioshikwa na nimonia walikuwa na matege mara nyingi zaidi kuliko watoto wengine, kwani mbavu laini hushindwa kusukuma pumzi sawasawa.

Ngozi ya rangi gani? Ngozi nyeusi hujikinga na jua, hivyo huhitaji muda mrefu zaidi kutengeneza kiasi kilekile. Hapa Afrika Mashariki hilo si tatizo kwa mtoto anayecheza nje. Ni tatizo kwa anayetolewa dakika tano.

Mtoto mwenye ualbino ni habari nyingine kabisa. Usimwoteshe jua kwa nia ya kumpa vitamini D. Ngozi yake huungua haraka, na saratani ya ngozi ni hatari ya kweli kwake. Kinga zake zote, yaani kofia, mikono mirefu, losheni na kivuli, ziendelee, na suala la matone lizungumzwe kliniki.

Kwa walio mbali na nyumbani, karatasi hiyo itasomeka tofauti. London iko nyuzi 51 kaskazini, Oslo karibu 60. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la Uingereza haliwezi kutengeneza vitamini D ya kutosha hata mtoto akikaa nje mchana kutwa, na Toronto au Minneapolis nako kuna miezi ya namna hiyo. Familia ya Kikongo au ya Kiswahili iliyohamia huko ikiwa na mtoto mwenye ngozi nyeusi, anayenyonya, na mama anayejifunika, isisubiri kuhesabu kitu kingine. Muscat na miji ya Ghuba ina kinyume chake: jua ni kali mno, majira ya joto hupita nyuzi 40 za selsiasi, kwa hiyo watoto hulelewa kwenye viyoyozi na kuchezea ndani ya maduka makubwa. Matokeo kwenye damu hufanana na ya Ulaya.

Hatua ya 4: Tazama sahani, hasa kalisiamu

Chakula peke yake ni vigumu kukidhi vitamini D. Kiini cha yai kina takriban IU 40, kwa hiyo ungehitaji mayai kumi kwa siku kufikisha 400. Samaki wa baharini wenye mafuta kama vibua ndio wenye nyingi, na majarini nyingi huongezwa, soma kibandiko.

Muhimu zaidi ni kalisiamu, kwani ndilo jambo linalosahaulika. Kule Nigeria na Gambia madaktari walikuta watoto wenye matege ambao vitamini D yao haikuwa mbaya sana; walichokosa ni kalisiamu. Mtoto aliyeachishwa ziwa akahamia uji mtupu wa mahindi, au ule wa unga uliochanganywa nafaka na njugu za kila aina bila maziwa, anapata kalisiamu kidogo, na asidi iliyomo kwenye nafaka hufunga hiyo kidogo. Dawa yake iko jikoni: tia maziwa kwenye uji, tumia uji uliochachushwa maana kuchacha hupunguza asidi hiyo, saga dagaa (omena) wazima na mifupa yao uchanganye kwenye chakula, na mpe sukuma wiki iliyokatwa laini. Supu ya mifupa inayosifiwa sana haina kalisiamu nyingi kama watu wanavyodhani. Ladha ni nzuri, mpe, ila usiitegemee.

Hatua ya 5: Magonjwa na dawa

Dawa za kifafa kama fenobabito, fenitoini na kabamazepini huharakisha kuvunjwa kwa vitamini D mwilini. Rifampisini ya kutibu kifua kikuu hufanya hivyo pia. Usiziache, mwulize daktari kuhusu nyongeza. Ongeza kwenye orodha ugonjwa sugu wa ini au figo, kuharisha kusikokoma, utapiamlo mkali, na ulemavu unaomfanya mtoto asiweze kutoka kitandani. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayetumia dawa ya kifafa na kushinda ndani amebeba mambo matatu kwa pamoja, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kuuliza.

Hatua ya 6: Amua

Sipendi jedwali la alama hapa, kwa sababu baadhi ya mambo yanatosha yakiwa peke yake. Njiti: yanatosha. Dawa za kifafa kwa muda mrefu: yanatosha kwenda kuuliza. Kuishi kaskazini ya mbali na ngozi nyeusi: yanatosha. Kunyonya na kushinda ndani kila siku: yanatosha, hata kama unaishi Mombasa. Mengine, kama vile uzazi wa karibu, mavazi ya mama au uji mtupu, yahesabu yakiwa mawili au zaidi pamoja.

Kama mwanao ana miaka miwili, anacheza uani na fulana mpaka umwite kula, anapata maziwa na dagaa, na hatumii dawa yoyote, funga karatasi. Hahitaji kipimo wala chupa ya matone.

Hatua ya 7: Kama yuko hatarini, fanya hivi

Kwa aliyepita miezi sita, panga jua la kila siku kivuli kikiwa kifupi, kwa mfano kama saa nne, mikono na miguu ikiwa wazi na uso kivulini. Muda mfupi kila siku unashinda saa nzima ya Jumapili. Mwondoe juani ngozi ikiwa bado haijapata moto. Aliye chini ya miezi sita ngozi yake ni laini na hupoteza maji haraka. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri asiwekwe kabisa kwenye jua la moja kwa moja. Ndiyo maana kwa mchanga aliye hatarini mimi huegemea matone.

Kiasi cha kinga kinachokubalika sehemu nyingi ni IU 400 kila siku katika mwaka wa kwanza. Baada ya hapo Uingereza hubaki na 400 hadi miaka minne, Marekani huhesabu mahitaji ya 600 kutoka vyanzo vyote. Uswidi hutoa matone kwa watoto wote hadi miaka miwili, na kwa wenye ngozi nyeusi huendelea zaidi. Uturuki ilianza kuyagawa bure nchi nzima mwaka 2005, na matege yakashuka sana. Uingereza, familia za kipato kidogo zinaweza kuyapata kupitia mpango wa Healthy Start. Kwetu mara nyingi utanunua duka la dawa.

Na hapo dukani ndipo pa kufungua macho. Kuna chupa ambazo tone moja ni IU 400. Kuna ambazo matone matano ndiyo 400. Kuna nyingine ni mililita nzima. Ukimpa mtoto mililita moja ya ile ya tone moja umempa dozi ya wiki kadhaa kwa mkupuo. Soma kibandiko, mwambie mfamasia akuonyeshe kwa kidole alama ya kipimo, tumia kitoneshi kilichokuja na chupa hiyo tu, na mkabidhi kazi mtu mmoja nyumbani ili mama na bibi wasimpe mara mbili. Usizidishe ukidhani utaharakisha: kwa mtoto wa chini ya miezi sita, kiwango cha juu kisichopaswa kupitwa bila daktari ni IU 1,000 kwa siku. Ikizidi kwa muda, kalisiamu hupanda kwenye damu, mtoto hutapika, hukosa choo, hukojoa sana, na figo huumia.

Ile kapsuli anayokamuliwa mdomoni kliniki kila miezi sita ni vitamini A. Haina D ndani yake. Wazazi wengi huamini "vitamini alishapewa", na hapo ndipo suala la D hufa.

Mama anayenyonyesha naye anaweza kutibiwa ili maziwa yake yatoshe: utafiti wa Marekani wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mama akitumia IU 6,400 kwa siku maziwa hukidhi mahitaji ya mtoto. Ni dozi kubwa, si ya kujipangia.

Hatua ya 8: Dalili za kukukimbiza kituoni

Mtoto akipata degedege bila homa, au akipumua kwa shida, nenda saa hiyohiyo. Kalisiamu ikishuka sana huleta degedege, na inaweza kuulegeza moyo.

Zisizo za dharura ila zisizongoja: vifundo vya mikono vilivyonenepa kama vina kiungo cha pili, vivimbe vilivyojipanga pale mbavu zinapokutana na kifua, utosi ulio wazi baada ya mwaka mmoja na nusu, meno yanayochelewa, mtoto aliyekuwa akisimama akaacha, anayelia akinyanyuliwa.

Kupinda kwa miguu kwenyewe kunadanganya. Karibu watoto wote huwa na miguu iliyopinda nje kidogo mpaka kama miaka miwili, kisha magoti husogeleana wakifika miaka mitatu au minne, halafu hunyooka. Wasiwasi uje kama mguu mmoja umepinda kuliko mwingine, upindo unaongezeka, umeendelea baada ya miaka miwili, au unaambatana na vile vifundo vinene. Na kama mnaishi Arumeru mkoani Arusha au kwingine kwenye Bonde la Ufa ambako maji yana floridi nyingi, na watoto wakubwa wana meno ya kahawia, mwambie daktari chanzo cha maji yenu na kama mnapikia magadi. Floridi nayo hupinda miguu, na matone ya vitamini D hayaitibu.

Hatua ya 9: Kliniki, nini cha kuomba

Peleka ile karatasi ya siku ya mtoto. Picha ya eksirei ya kifundo cha mkono au goti, pamoja na kipimo cha damu cha kalisiamu, fosfeti na kimeng'enya cha mifupa, humwonyesha daktari mengi kwa gharama ya wastani. Kipimo cha vitamini D chenyewe ni ghali na si kila hospitali inacho. Kikifanyika, chini ya nanomoli 30 kwa lita ni upungufu, 30 hadi 50 hakijatosha. Maabara nyingine hutumia nanogramu kwa mililita, ambapo 12 ni sawa na 30, na 20 ni sawa na 50. Angalia kipimo kabla hujashtuka.

Dozi ya tiba ni tofauti na dozi ya kinga. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2016 hutaja IU 2,000 kila siku kwa aliye chini ya mwaka, kwa siku zisizopungua 90, pamoja na kalisiamu miligramu 500 kutoka kwenye chakula au dawa. Ukipewa vitamini D bila neno lolote kuhusu kalisiamu, uliza. Baada ya miezi mitatu eksirei hurudiwa. Ikiwa haionyeshi nafuu yoyote na dawa imetumika ipasavyo, kuna aina nyingine za matege, za kurithi na za figo, zinazohitaji bingwa. Ikionyesha nafuu, mguu wenyewe utachukua muda mrefu zaidi kunyooka, kwa hiyo usikubali kufungwa vibao na mtaalamu wa mtaani wala usiulizie upasuaji mapema. Rudi kwenye dozi ya kinga, na siku hiyohiyo ya kliniki nenda na mdogo wake pia, kwani anakula chungu kilekile na kushinda chumba kilekile.